Digrii ya Biashara kwa Mkopo: Piga Hesabu Kabla ya Kutia Sahihi

Kila mwaka mambo huwa yaleyale. Matokeo ya KCSE yanatoka Januari, katikati ya Njaanuari yenyewe, simu zinalia mfululizo, na aliyepata C+ na kuendelea anaambiwa: hongera, sasa ni chuo kikuu! Baadaye KUCCPS inafungua maombi, na vijana wengi ambao alama zao hazikufika kwa udaktari, sheria au uhandisi wanaangukia kozi za biashara: Bachelor of Commerce, usimamizi wa biashara, uhasibu, masoko, ununuzi na ugavi.

Ni kozi nzuri. Lakini kuna swali moja ambalo nyumbani huwa halijibiwi vizuri, kwa sababu kila mtu bado anasherehekea: je, kozi hii inafaa kusomwa kwa deni?

Baadhi yetu tunaoandika kwenye ukurasa huu tulisomea biashara kwa mkopo wa HELB, na kila mwezi makato yetu yanaenda. Kwa hivyo hatuji hapa kumwambia mtu asisome, wala kumwambia akimbilie. Tunachotaka ni wewe, na mzazi wako kama yuko karibu, mchukue kalamu na karatasi. Tutapiga hesabu pamoja, polepole.

Kwanza, jua unadaiwa nini na nani

Wazazi wengi bado wana mfumo wa zamani kichwani. Enzi hizo, mwanafunzi aliyepelekwa chuo cha umma na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na HELB ilimpa kati ya 35,000 na 60,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne, deni lilikuwa kati ya 140,000 na 240,000. Ndiyo maana mjomba anaweza kukuambia, "Hiyo HELB ni pesa kidogo tu, utamaliza."

Mei 2023 serikali ilitangaza mfumo mwingine. Sasa gharama ya kozi inagawanywa mafungu matatu: ufadhili ambao haurudishwi, mkopo wa HELB, na sehemu ya familia. Ukubwa wa kila fungu unategemea jinsi hali ya familia yako ilivyopimwa. Mfumo huo umefika mpaka mahakamani na viwango vyake vimekuwa vikibadilika, kwa hivyo usitegemee hesabu ya jirani aliyejiunga miaka miwili iliyopita. Tegemea barua yako mwenyewe, ya mwaka huu.

Ukishaipata, soma mafungu hayo hivi.

Ufadhili si deni. Huo weka kando, shukuru, endelea.

Mkopo wa HELB ni deni, lakini ni deni la bei nafuu. Riba yake kwa wanafunzi wa digrii ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, na una mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo kabla ya kuanza kulipa.

Sehemu ya familia ndiyo yenye mtego, kwa sababu kwenye barua haiitwi deni. Inaitwa mchango wa familia, basi. Lakini familia inaitoa wapi? Mara nyingi mzazi anakopa kwenye Sacco, ambako riba ya asilimia 1 kwa mwezi ni jambo la kawaida. Mara nyingine ni chama. Mara nyingine ng'ombe anauzwa, au kipande cha shamba. Na muhula ukifunguliwa kabla pesa hazijapatikana, kuna anayekimbilia mkopo wa simu. Sisi tuko kwenye biashara ya pesa za simu na tutasema wazi: mkopo wa simu ni wa dharura ya siku chache. Ada yake ya mwezi mmoja huwa inapita riba ambayo HELB inatoza kwa mwaka mzima. Karo ya miaka minne si dharura ya siku chache.

Kwa hivyo chora safu mbili. Upande mmoja andika deni la HELB la miaka yote minne, si la mwaka wa kwanza pekee. Upande wa pili andika kila kitu ambacho familia itakopa au kuuza: karo, chumba, chakula, nauli ya kwenda na kurudi, laptopu. Jumlisha. Hiyo ndiyo bei ya digrii yako. Namba iliyo kwenye barua ni sehemu yake tu.

Deni likianza kulipwa, linafanana vipi?

Tuchukue mfano. Huu ni wa kubuni, weka namba zako mahali pake. Tuseme siku ya kuanza kulipa unadaiwa na HELB shilingi 320,000, na riba ni asilimia 4 kwa mwaka.

Ukilipa kwa miaka 4, kila mwezi unatoa kama 7,225, na jumla inafika kama 346,800.

Ukilipa kwa miaka 6, kila mwezi ni kama 5,007, na jumla inakuwa kama 360,500.

Ukilipa kwa miaka 8, kila mwezi ni kama 3,900, na jumla inakuwa kama 374,450.

Angalia vizuri: tofauti kati ya miaka 4 na miaka 8 ni kama shilingi 27,600. Si mzaha, lakini pia si jambo la kukunyima usingizi. Riba ya HELB yenyewe haiui mtu. Kinachoumiza ni kutolipa kabisa. Faini ya kuchelewa ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Linganisha na ile 5,007 ya mpango wa miaka 6. Yaani mtu anayejificha analimbikiza kila mwezi karibu kiasi kilekile ambacho angelipa, tofauti ni kwamba deni lake halipungui hata shilingi. Mwaka mmoja wa kujificha ni 60,000 za faini. Halafu kuna kuripotiwa CRB, kuna wadhamini uliowaandika kwenye fomu, na kuna siku utakapopata nafasi ya kazi serikalini na kuambiwa ulete cheti cha HELB.

Na mshahara je?

Hapa ndipo watu wengi hupiga hesabu ya matumaini. Wanachukua mshahara ulioandikwa kwenye barua ya kazi. Wewe piga hesabu ya kinachofika mkononi.

Tuseme umepata kazi ya kwanza ya shilingi 35,000 kwa mwezi. Kwa viwango vya makato vya mwaka 2025, NSSF inachukua 2,100, bima ya afya ya SHIF inachukua kama 963, ushuru wa nyumba 525, na PAYE kama 1,853. Mkononi inabaki kama 29,560. Mwajiri akijua una mkopo wa HELB, nao anaukata hapohapo.

Sasa ishi nayo Nairobi. Bedsita mtaani, 8,000. Nauli ya matatu 200 kwa siku, siku 24, hiyo ni 4,800. Chakula 8,000, na hapo hujaagiza chochote cha maana. Stima, maji na bando, 2,000. Nyumbani unatuma 3,000, na usisahau ya kutolea. Jumla 25,800. Umebaki na 3,760.

Deni la miaka 6 linataka 5,007. Haliingii. Hata la miaka 8 linataka 3,900, nalo linakosa kama 140. Na hapo hujaugua, hujaenda mazishi, na kiatu hakijapasuka.

Ukikaa kwa wazazi bila kulipa kodi, unabaki na 11,760 na deni linaingia vizuri. Ukipata kazi ya 50,000, mkononi inafika kama 39,000, nalo pia linaingia. Kwa hivyo digrii ileile, na deni lilelile, linaweza kuwa mzigo mwepesi kwa mmoja na jiwe la kusagia shingoni mwa mwenzake. Ndiyo maana kuuliza "digrii ya biashara inalipa au hailipi?" hakukupeleki mbali. Uliza: inalipa kwangu mimi, kwa deni la kiasi gani, na mshahara wa kiasi gani?

Kipimo tunachotumia sisi ni hiki: deni lako lote lisizidi mshahara wa miezi sita unaofika mkononi katika kazi ya kwanza unayoweza kuipata kwa kweli. Si sheria, ni kipimo cha mkono. Kwa 29,560, miezi sita ni kama 177,000. Deni hilo kwa miaka 6 ni kama 2,775 kwa mwezi, chini kidogo ya sehemu ya kumi ya pesa yako. Kwenye bajeti yetu ya bedsita, inaingia na unabaki na kama 985. Juu ya hapo unaanza kukopa ili ulipe mkopo.

Utajuaje kazi ya kwanza inalipa ngapi? Usimuulize mwalimu wala tangazo la chuo. Tafuta watu watano waliomaliza kozi hiyohiyo, chuo hichohicho, miaka miwili au mitatu iliyopita. Waulize mambo matatu: walitarmaki muda gani, wanafanya nini sasa, na wanapata ngapi mkononi. Ikiwa watatu kati ya watano wangali wanazunguka na bahasha, umepata jibu ambalo hakuna kitabu cha kozi kitakupa.

Biashara si udaktari

Kuna jambo moja kuhusu kozi zetu ambalo lazima lisemwe. Bila digrii ya udaktari huwezi kuwa daktari. Bila digrii ya sheria huwezi kuwa wakili. Biashara si hivyo. Hakuna anayekuuliza digrii ili ufungue duka, uuze nguo Gikomba, au uwe wakala wa pesa za simu.

Hata kazini, mara nyingi kinachokupa hadhi ya kitaaluma ni mtihani mwingine. Mhasibu anatambuliwa na ICPAK kwa kufaulu mitihani ya CPA ya KASNEB. Taaluma za ununuzi na za rasilimali watu nazo zina mitihani na vyama vyake. Kwa hivyo mwenye BCom inayoegemea uhasibu, akitaka kupanda, bado anarudi kwenye CPA. Digrii inaweza kumsaidia kusamehewa baadhi ya karatasi, lakini haimalizi safari.

Hii haimaanishi digrii ni karatasi tupu. Nafasi nyingi za wanagenzi kwenye benki na kampuni kubwa zinataka digrii kabla hata ya kufungua barua yako. Kazi nyingi za serikali zinafungua mlango wake kwa digrii, na kupandishwa cheo kunaweza kukwama pale ambapo huna. Ukitaka kusoma shahada ya uzamili baadaye, unaihitaji. Na kuna vitu ambavyo kwa kweli tulivipata darasani: kusoma hesabu za kampuni, kuelewa bei inapangwaje, kujua takwimu inapodanganya. Pia kuna wenzako. Yule uliyekaa naye kwenye kazi za kikundi anaweza kuwa ndiye atakayekuitia kazi miaka mitano baadaye.

Lakini kwa sababu mlango wa biashara una funguo zaidi ya moja, una haki ya kulinganisha bei za funguo hizo.

Ufunguo wa kwanza ni diploma. Aliyepata C- na kuendelea anaweza kuiomba, nayo ni fupi kuliko digrii. Unaingia kazini mapema, halafu ukiona digrii inahitajika unaendelea jioni ukiwa na mshahara.

Wa pili ni CPA yenyewe. Mitihani yake inafanywa ngazi kwa ngazi, na unalipa unavyoenda. Ukikosa pesa muhula mmoja unasimama, unafanya kazi, unarudi. Deni halikufuati nyumbani. Ubaya wake ni kwamba karatasi ni ngumu na hakuna wa kukusukuma.

Wa tatu ni kuanza kazi au biashara ndogo mwaka mmoja kisha uamue. Huu unafaa kama una pa kuanzia: duka la shangazi, kazi ya mauzo, genge linaloeleweka. Kama huna, mwaka unaweza kupita umekaa tu, na hiyo nayo ni gharama.

Wakati ambapo tungesema chukua

Tungekuambia uende ikiwa sehemu kubwa ya gharama yako ni ufadhili na HELB, na familia haiuzi kitu ambacho haiwezi kukirudisha. Tungekuambia uende ikiwa chuo na kozi vinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ikiwa wale watano uliowauliza wengi wanafanya kazi, na ikiwa wewe mwenyewe unapenda hesabu na watu, si kwamba umekosa pengine. Pia kama tayari uko kazini na bosi amekuambia wazi kwamba kinachokuzuia kupanda ni digrii. Hapo unajua mshahara utaongezeka kwa ngapi, na hesabu inakuwa rahisi.

Tungekuambia usubiri ikiwa sehemu ya familia inatoka kwenye mikopo ya simu. Usubiri ikiwa shamba pekee linalowalisha ndilo linalouzwa. Usubiri ikiwa una wadogo watatu nyuma yako wanaongoja karo na hakuna aliyepiga hesabu yao. Kusubiri si kushindwa. Omba kupimwa upya ikiwa unaona hali ya familia haikueleweka, uliza kozi hiyohiyo inagharimu ngapi katika chuo kingine, uliza chuo kuhusu kuahirisha mwaka.

Na mzungumze nyumbani. Tunajua si rahisi kumwambia baba aliyekwisha kutangaza kanisani kwamba mtoto anaenda chuo kikuu. Mwonyeshe karatasi yenye zile safu mbili. Mzazi anaweza kubishana nawe siku nzima, lakini ni vigumu kubishana na jumla ambayo ameijumlisha mwenyewe.

Ukishachukua, ishi nalo vizuri

Karo ya HELB huenda chuoni moja kwa moja, na pesa za matumizi huja kwako. Zikiingia, zigawe siku hiyohiyo kwa idadi ya wiki za muhula. Kama ni 20,000 na muhula ni wiki 16, wiki moja ina 1,250. Kila wiki jitumie hiyo tu, nyingine ibaki kwenye akiba ambayo huifikii kwa kubonyeza mara moja. Makomredi wanajua jinsi wiki ya kwanza inavyokuwa ya kuku na ya kumi ikawa ya chai ya rangi. Pesa hizo zisifike kwenye kubeti hata siku moja.

Ukipata kibarua wakati wa likizo, anza kulipa HELB kidogo kidogo hata kabla ya wakati. Hata shilingi 500 inapunguza deni. Weka ujumbe wa kila malipo, na mara mbili kwa mwaka linganisha na taarifa yako ya HELB.

Ukiajiriwa, usisubiri HELB ikutafute. Mpe mwajiri taarifa, kisha hakikisha makato yanayoonekana kwenye hati ya mshahara yanaonekana pia kwenye akaunti yako ya mkopo. Ukimaliza mwaka wako wa kusubiri na bado hujapata kazi, andikia HELB kabla faini haijaanza. Eleza hali yako, omba kiasi unachoweza. Anayesema hana hutendewa tofauti na anayezima simu.

Na tafadhali, jihadhari na matapeli. Msimu wa mikopo ndio msimu wao. Mtu akikupigia akisema anaweza kuharakisha mkopo wako ukimtumia "ada kidogo", kata simu. Hakuna mfanyakazi wa HELB wala wetu anayehitaji PIN yako. Ukilipa karo au mkopo kwa Paybill, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, na hakikisha nambari ya akaunti ni yako.

Mwisho, kumbuka pesa za HELB zinazunguka. Unachorudisha ndicho kinachomsomesha aliye kidato cha nne leo, na huenda ni mdogo wako. Hiyo ni sababu nzuri ya kulipa. Lakini pia ni sababu nzuri ya kukopa kiasi unachoweza kukirudisha.

Kwa hivyo kabla ya kutia sahihi, andika namba tatu: deni lote la miaka minne, mshahara wa kwanza unaofika mkononi kama ulivyoambiwa na wale watano, na utakachobaki nacho mwezini baada ya kodi, chakula, nauli na nyumbani. Kama namba ya tatu inaweza kubeba ya kwanza, nenda ukasome kwa moyo mmoja. Kama haiwezi, bado kuna funguo nyingine, na hazijaisha muda wake.